Fritz Haber: Kapteni Aliyeitoa Shura Hewani

Kila askari aliyewahi kufyatua bunduki amekwisha kuchoma naitrojeni, ajue asijue. Baruti ya kale iliyopondwa kwa makaa, kibiriti na shura. Baruti ya siku hizi isiyo na moshi, ambayo hutokana na pamba iliyolowekwa katika tindikali. Kombora la mzinga. Baruti ya kupasulia miamba: vyote hivyo nguvu yake imekaa katika dutu hiyo moja. Na kila askari aliyewahi kula ugali na maharagwe amekula naitrojeni ile ile, kwa kuwa nyama ya mwili, damu, na hata rangi ya kijani ya jani la muhindi, haviwezi kufanyika pasipo hiyo. Chakula na risasi hutoka katika ghala moja. Hakuna mtu ambaye maisha yake yalithibitisha jambo hilo kwa utukufu na kwa uchungu zaidi kuliko Mjerumani Fritz Haber, bingwa wa kemia, ambaye vitabu vya kilimo humsifu na vitabu vya vita humlaumu, na wote wana haki.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1868 katika mji wa Breslau, ambao siku hizi uko Poland na huitwa Wrocław. Jamaa zake walikuwa Wayahudi wenye mali ya wastani. Mama yake alifariki majuma matatu tu baada ya kumzaa, na inasemekana baba yake, Siegfried, mfanyabiashara wa rangi za nguo, hakuweza kamwe kumtazama mtoto yule bila ya kuukumbuka msiba ule. Kijana akakua akitaka kujulikana. Alisoma kemia Berlin na Heidelberg, na katikati ya masomo akatumikia jeshi mwaka mmoja katika kikosi cha mizinga ya uwanjani mjini kwao. Alilipenda jeshi: alipenda sare, amri na utaratibu wake. Alitamani apewe cheo cha afisa wa akiba, lakini mlango ule ulifungwa mbele ya Myahudi, hata awe hodari namna gani. Mwaka 1892 alibatizwa akawa Mkristo. Wengine husema alifanya hivyo kwa imani, wengine kwa kutaka cheo. Lililo wazi ni kwamba alitaka kuwa Mjerumani kamili, na nchi yake ikampa masharti.

Tangu 1894 alifanya kazi katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe, na huko ndiko alikolikabili fumbo lililomtukuza. Msomaji hatalifahamu fumbo hilo sawasawa asipotazama kwanza namna viumbe hai vinavyoishi na naitrojeni, na hasa vinavyoishi vikiikosa. Basi tumwache Haber kidogo katika chumba chake cha kazi, tukaitazame hamira, na ule utando wa kijani unaoota juu ya maji yaliyosimama.

Hewa tunayoivuta, sehemu 78 katika kila 100 ni naitrojeni. Ungetarajia basi kiumbe asiikose kamwe. La hasha! Naitrojeni ya hewani imefungamana mbili mbili kwa kifungo cha mikono mitatu, na kukikata kifungo hicho ni kazi ngumu mno. Hamira haikiwezi. Kuvu hakiwezi, uyoga haukiwezi, na mwani ule mdogo wa kijani usioonekana kwa jicho tupu haukiwezi pia. Mahindi hayakiwezi, wala ng'ombe, wala mtu. Wanaokiweza ni bakteria wa namna chache tu, miongoni mwao wale wanaokaa katika vinundu vya mizizi ya maharagwe na kunde, kama walivyothibitisha Wajerumani Hellriegel na Wilfarth katika miaka ya 1880. Wengine wote hungoja naitrojeni iliyokwisha kukatwa: ya samadi, ya mizoga, ya radi, au ya shura. Wanaogelea katika bahari ya hewa hali wanakufa kwa kiu yake.

Sasa tazama mwani unapopungukiwa. Mwani wa kijani uitwao Chlorella, ukitiwa katika maji yenye chumvi za kutosha, hujigawa na kuongezeka mpaka maji huwa kama mchuzi wa mchicha. Iondoe naitrojeni peke yake, uache mwanga na kila kitu kingine. Kuzaana husita muda si mrefu, maana hakuna cha kujengea mwili mpya. Lakini jua linaendelea kuwaka, na kazi ya kutengeneza sukari haisiti mara moja. Sukari hiyo, ambayo ingejenga protini kama naitrojeni ingalikuwapo, sasa haina pa kwenda. Hugeuzwa wanga, kisha mafuta, na kuwekwa ndani ya seli matone kwa matone. Hali ikizidi kuwa mbaya, mwani huanza kubomoa vifaa vyake wenyewe. Klorofili, ile rangi ya kijani ambayo kila chembe yake imeshika atomu nne za naitrojeni, huvunjwa. Mchicha huwa manjano, na katika namna nyingine za mwani huwa hata rangi ya machungwa au nyekundu. Wamarekani Spoehr na Milner walionyesha mwaka 1949 kwamba Chlorella iliyonyimwa naitrojeni vikali huweza kuwa na mafuta zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu. Ukiirudishia chumvi yake, hurudi kuwa kijani na kuanza tena kujigawa.

Mwani mwingine, Chlamydomonas, una mbinu ya namna yake. Ukipatwa na njaa hiyo, seli zake hugeuka kuwa za kuoana, mbili mbili huungana, kisha hujifunika kwa ukuta mnene na kulala mpaka mambo yawe mema.

Hamira nayo ina mambo ambayo afisa wa ugavi angeyasoma kwa makini. Wakati wa neema, chumvi za amonia zikiwapo, hula hizo na kuyafumbia macho mabaki mabaya ya chakula. Milango ya kuingizia vitu hafifu hufungwa. Neema ikiisha, milango ile hufunguliwa yote, na hamira huokota kila chenye naitrojeni ndani yake. Ikikosa kabisa, huacha kuchipua na kuanza kujila yenyewe kwa utaratibu: hufunga vipande vya mwili wake katika vifuko, huvipeleka katika tumbo la seli, na huko huvunjwa ili mali yao itumike penye haja kubwa zaidi. Mjapani Yoshinori Ohsumi aliuona mwendo huo kwa darubini akitazama hamira iliyonyimwa chakula, akaupambanua katika miaka ya 1990, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel, kwa maana mwili wa mtu hufanya hivyo hivyo. Na hamira yenye sukari ya kutosha lakini naitrojeni haba huweza kubadili umbo: seli hurefuka, hubaki zimeshikana kama mnyororo, na mnyororo huo hujipenyeza mbele kama doria inayotafuta chakula. Ikiwa hata sukari nzuri haipo, hutengeneza mbegu nne ngumu ndani ya mfuko mmoja, na kungoja.

Kula kidogo, bomoa kisichokulazimu, peleka doria, weka akiba, jifungie, ngoja. Tangu zamani za zamani mwani na hamira vimekuwa na mbinu hizo. Mbinu moja tu havikuipata, nayo ni kuikata naitrojeni ya hewani kwa nguvu zao wenyewe. Hiyo ndiyo aliyoitafuta Haber.

Mwaka 1898 Mwingereza William Crookes, katika hotuba yake kwa wanasayansi wenzake mjini Bristol, alionya kwamba mataifa yanayokula ngano yangekuja kupatwa na njaa. Mashamba yalichoka, na mbolea iliyoyaponya ilikuwa shura iliyochimbwa katika jangwa la Chile na kuvushwa bahari kwa meli. Ghala la Chile lilikuwa na mwisho wake. Ujerumani ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa shura ile, kwa mashamba na kwa viwanda vya baruti, na kila gunia lilipita katika bahari iliyolindwa na manowari za Waingereza. Sidhani kama inahitaji elimu ya chuo cha maafisa kuiona hatari iliyokuwamo.

Haber alianza kuichunguza amonia mwaka 1904. Amonia ni naitrojeni iliyofungwa na haidrojeni, na ukiisha kuipata unaweza kutengeneza mbolea au tindikali ya baruti upendavyo. Shida ilikuwa hii: ukizipasha moto gesi hizo mbili ili kifungo kikatike, joto lile lile huivunja amonia mara inapozaliwa. Mwanazuoni mwenzake, Walther Nernst, alimkosoa hadharani mwaka 1907 kwamba hesabu zake zilikuwa na kasoro, na Haber, mtu mwenye fahari nyepesi kujeruhika, aliugua kwa fedheha. Kisha akarudi kazini kwa hasira. Msaidizi wake, Robert Le Rossignol, kijana kutoka kisiwa cha Jersey, alibuni valvu na mabomba ya chuma yaliyoweza kuhimili mkandamizo wa karibu mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida. Gesi zilipitishwa juu ya kichocheo cha osmiamu katika joto la nyuzi 500 hadi 600. Sehemu ndogo iligeuka amonia, ikapozwa na kutolewa upesi kabla haijavunjika, na iliyobaki ikarudishwa tena kuzunguka.

Tarehe 2 Julai 1909 wajumbe wa kampuni ya BASF walikuja Karlsruhe kutazama. Parafujo moja ya mtambo ilipasuka mbele yao, kama mitambo ifanyavyo siku ya ukaguzi. Carl Bosch, aliyekuwa na haraka, akaondoka. Mwenzake Alwin Mittasch akabaki, na jioni akaiona amonia ikidondoka tone kwa tone. Bosch baadaye aliugeuza mtambo ule wa mezani kuwa kiwanda kikubwa, naye Mittasch akajaribu vichocheo maelfu mpaka akapata cha chuma kilicho rahisi. Kiwanda cha kwanza kilianza kazi Oppau, kando ya mto Rhine, mwezi Septemba 1913. Haber alikuwa amekwisha kuhamia Berlin mwaka 1911, kuwa mkuu wa taasisi mpya ya kemia iliyobeba jina la Kaisari Wilhelm katika kitongoji cha Dahlem.

Miezi kumi na moja baada ya Oppau kuanza, vita vikuu vikazuka.

Wakuu wa jeshi la Ujerumani walipanga vita vya miezi michache, na akiba yao ya shura ilikuwa ya miezi michache. Waingereza wakaifunga bahari. Kikosi cha manowari cha Admirali von Spee kilishinda karibu na pwani ya Chile tarehe 1 Novemba 1914, na kwa kitambo njia ya shura ikawa kama imefunguka. Tarehe 8 Desemba kikazamishwa karibu na visiwa vya Falkland, von Spee na wanawe wawili wakiwamo. Shura iliyotekwa katika bandari ya Antwerp ilisaidia kuziba pengo. Bosch akaiahidi serikali kwamba amonia ya Oppau ingegeuzwa tindikali, na kufikia Mei 1915 kazi hiyo ikawa inatendeka kwa wingi. Kiwanda kingine kikubwa zaidi kilianza Leuna mwaka 1917. Wanahistoria wengi huona kwamba lau si naitrojeni ya viwandani, Ujerumani ingaliishiwa baruti mapema sana.

Hilo lina maana kwetu pia. Vita vile havikuwa vya Ulaya peke yake. Vilipiganwa Tanga, Taveta, Mahiwa, mpaka ng'ambo ya Ruvuma, na jeshi la von Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini mjini Abercorn, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918 tu, vita vya Ulaya vikiwa vimekwisha majuma mawili nyuma. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa na maradhi njiani. Kila mwezi uliorefusha vita kule uliyarefusha makaburi huku.

Na je, nchi ile iliyozingirwa iliishije? Iliishi kama hamira, kwa kiasi ilivyoweza. Ilijibana, ikatangaza rasheni ya mkate mapema 1915, ikafungua kila mlango wa chakula hafifu. Naitrojeni ya viwandani ilipelekwa kwanza kwenye baruti, mashamba yakapata mabaki, na mavuno yakashuka. Majira ya baridi ya 1916 na 1917 hujulikana mpaka leo kwa jina la zao la mizizi lililokuwa la mifugo, na ambalo watu walilazimika kula asubuhi na jioni. Mabingwa wa Berlin waliwageukia kuvu na hamira wenyewe. Walikuza hamira kwa sukari na chumvi za amonia ili wapate protini ya mifugo. Mmoja wao, Paul Lindner, alikichunguza kiumbe cha jamii ya kuvu kiitwacho Endomyces vernalis, kinachoota katika utomvu unaovuja mitini, na ambacho hujaza mafuta kinapokuwa na sukari tele na naitrojeni kidogo. Alitumaini kuipatia nchi mafuta ya kula. Kiumbe kile kilikubali kutoa mafuta, lakini sukari ya kukilisha nayo ilikuwa adimu, na hapo mlinganisho wetu wa seli na taifa unavunjika. Mwani ukikosa naitrojeni bado una jua la bure. Ujerumani ilikosa naitrojeni ya shamba, sukari na mafuta kwa pamoja. Tena seli huweza kujifungia na kulala miaka. Serikali iliyo vitani haina ruhusa hiyo.

Kama Haber angeishia katika amonia, wasifu wake ungekuwa mfupi na mzuri. Hakuishia hapo. Mwezi Oktoba 1914 alitia sahihi yake pamoja na wanazuoni wengine tisini na wawili katika tangazo la kulitetea jeshi la nchi yao, kisha akaipa Wizara ya Vita akili yake yote. Mizinga ilikuwa imekwama mbele ya mahandaki, makombora hayakutosha. Haber akashauri kutumia klorini, gesi iliyokuwa ikipatikana kwa wingi katika viwanda vya rangi, ifunguliwe kutoka mitungini na kuachiwa upepo uipeleke. Mikataba ya The Hague ya 1899 na 1907 ilikuwa imekataza silaha za sumu, na makamanda kadhaa wa Kijerumani waliichukia shauri hiyo. Mwenyewe aliamini kwamba ingevimaliza vita upesi na kuokoa watu. Imani hiyo si ngeni. Waliobuni silaha mpya wamekuwa nayo tangu zamani.

Alikwenda mwenyewe mstari wa mbele, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, akaongoza ufukiaji wa mitungi zaidi ya 5,700. Wakangoja upepo kwa majuma. Jioni ya tarehe 22 Aprili 1915 ukaja, na karibu tani 150 za klorini zikafunguliwa. Wingu la kijani lenye umanjano, zito kuliko hewa, lilitambaa chini na kuingia mahandakini. Waliokuwa mbele yake walikuwa askari wa Kifaransa wa umri mkubwa na askari walioletwa kutoka Algeria. Waafrika wenzetu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuuawa kwa silaha hiyo. Mstari ukavunjika kwa kilomita kadhaa. Kwa jicho la kijeshi, lililofuata ni somo: Wajerumani waliishika shambulio lile kama jaribio tu, hawakuweka akiba ya kutosha nyuma ya wingu, nao askari wao wenyewe waliogopa kuingia ndani yake. Wakanada wakaziba pengo. Ushindi haukupatikana, na mlango uliofunguliwa haukufungika tena, maana katika mwezi wa Septemba Waingereza nao walifungua mitungi yao huko Loos.

Kaisari akampandisha Haber cheo, kutoka sajini wa akiba mpaka kapteni. Cheo alichonyimwa ujanani kwa sababu ya ukoo wake alikipata kwa gesi. Picha zake za wakati huo zamwonyesha amesimama wima ndani ya sare, kichwa kimenyolewa, na mtu huona furaha yake.

Mkewe, Clara Immerwahr, alikuwa mwanakemia pia, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Breslau, mwaka 1900. Baada ya ndoa kazi yake ilimezwa na jiko na sifa za mumewe. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 1915, siku chache baada ya Ypres, alijiua bustanini kwa bastola ya kijeshi ya mumewe. Wanahistoria hubishana kuhusu kiasi gani gesi ilihusika na kiasi gani huzuni ya ndoa ilihusika. Mtoto wao Hermann alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Haber hakukaa kumfariji; aliondoka upesi kwenda upande wa mashariki kuandaa shambulio jingine. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi katika kazi yangu, na ninaamini kwamba amri ya kwenda vitani huweza kumlazimisha mtu aache matanga nyumbani kwake. Lakini mtu wa cheo chake na jina lake angeweza kuomba siku mbili.

Taasisi yake ikawa kambi. Zaidi ya watu elfu moja walifanya kazi ya gesi na vinyago vya kujikinga nayo. Vita vikaisha kwa kushindwa. Haber alihofia kushitakiwa kama mhalifu wa vita, akafuga ndevu na kukimbilia Uswisi kwa muda. Kumbe badala ya hati ya kukamatwa ilikuja tuzo: Novemba 1919 alitangaziwa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1918, kwa ajili ya amonia. Wanasayansi wa nchi zilizoshinda walinung'unika. Waliomchagua walitazama mkate; walionung'unika walikumbuka mapafu yaliyoungua.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhangaika. Ujerumani ilitozwa fidia kubwa, na Haber akapania kuilipa kwa dhahabu iliyomo katika maji ya bahari. Alisafiri baharini kwa meli za abiria zilizofichwa maabara ndani yake, akapima maji kwa miaka, na kugundua kwamba dhahabu ile ilikuwa ndogo mno kuliko vitabu vya zamani vilivyodai, haiwezi kulipa hata gharama za kuitafuta. Kazi ile ya uaminifu aliitangaza ingawa ilimvunja moyo. Oppau nako, tarehe 21 Septemba 1921, lundo la mbolea ya chumvi za amonia lililipuka na kuua watu zaidi ya 500. Wafanyakazi walikuwa na desturi ya kulegeza lundo lililoganda kwa vipande vya baruti, na siku hiyo lundo likakumbuka kwamba lilikuwa ndugu wa baruti. Askari wa ghala na polisi wa bandari wanayajua mambo hayo: lililotokea Beirut tarehe 4 Agosti 2020 lilitokana na mbolea ya jamii hiyo hiyo.

Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka. Sheria ya tarehe 7 Aprili iliamuru Wayahudi waondolewe katika utumishi wa serikali, ubatizo usihesabiwe. Haber mwenyewe alisamehewa kwa kuwa alipigana vitani, lakini alitakiwa awafukuze wasaidizi wake. Hapo kapteni yule, aliyekuwa ametii kila amri ya nchi yake maisha yake yote, akakataa. Tarehe 30 Aprili aliandika barua ya kujiuzulu, akisema wazi kwamba amezoea kuchagua watu kwa akili na tabia zao na si kwa nasaba ya bibi zao. Max Planck, mkuu wa wanasayansi wa Ujerumani, alikwenda kwa Hitler kumtetea, akarudi mikono mitupu. Kwangu mimi barua ile ndiyo kazi yake ya kijeshi iliyo bora kuliko zote, ingawa haikutiwa katika orodha ya nishani.

Akaondoka, moyo ukiwa mgonjwa kwa maana zote mbili. Cambridge ikampokea, ingawa baadhi ya Waingereza hawakutaka kumpa mkono kwa sababu ya Ypres. Chaim Weizmann akamwalika Palestina katika taasisi mpya ya Rehovot, naye akaelekea kukubali. Hakufika. Alifariki kwa moyo katika hoteli mjini Basel, Uswisi, tarehe 29 Januari 1934, akiwa na umri wa miaka 65. Mwaka mmoja baadaye Planck alifanya ibada ya kumkumbuka mjini Berlin, ingawa watumishi wa serikali walikatazwa kuhudhuria, na ukumbi ukajaa.

Yalitokea mambo mengine baada ya kifo chake ambayo hakuyapanga. Katika miaka ya 1920 wanasayansi waliotoka katika taasisi yake walitengeneza dawa ya kuua wadudu maghalani, yenye jina la Zyklon. Serikali ya Hitler ikaja kuitumia Auschwitz kuua watu, na baadhi ya jamaa zake Haber waliangamia katika kambi za namna hiyo. Gesi za vita zilikatazwa kwa Mkataba wa Geneva wa 1925, kisha kutengenezwa na kuwekwa kwake kukakatazwa kwa mkataba ulioanza kazi mwaka 1997. Na mitambo ya amonia imeenea duniani kote. Hukadiriwa kwamba karibu nusu ya wanadamu walio hai hula mazao yaliyokuzwa kwa naitrojeni yake. Huko nyuma mwani na hamira vingali vinanyimwa naitrojeni, safari hii kwa makusudi, katika matangi ya watafiti wanaotaka mafuta ya kuendeshea injini.

Katika wasia wake Haber aliomba azikwe pamoja na Clara. Majivu ya mkewe yakatolewa Dahlem na kupelekwa Basel, na jiwe moja katika makaburi ya Hörnli limeandikwa majina yote mawili.